Salamu Iliyokwama Tanurini

Sefania Shemdoe hakuwa mtu mbaya. Tuanze na hilo, maana wengi walioanza na mengine walimkosea. Alikuwa mtu wa mashaka tu. Ukimkaribisha kiti, atakigeuza kwanza atazame miguu yake. Ukimsifia shati, atashinda kutwa akitafuta lilipochanika. Mkewe Klara alikuwa akisema kwamba mume wake akifika mbinguni atamdai malaika wa mlangoni barua ya kazi.

Mwaka 1973 alikuwa na miaka thelathini na mbili, msimamizi wa zamu ya kukausha katika kiwanda cha chai huko milimani juu ya Muheza, upande wa Zirai. Zamani cheo hicho kiliitwa mnyapara, na Mzungu ndiye aliyekigawa. Shamba lilipotaifishwa jina likabadilika, filimbi ikabaki ileile. Sefania aliipata filimbi hiyo baada ya miaka sita tu ya kazi, kijana wa Mlalo, mtoto wa mzee wa kanisa, na cheti chake cha darasa la nane kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Alipanda haraka, na aliyepanda haraka hana raha; kila tawi likicheza anadhani kuna mtu chini anatikisa.

Mtu aliyemdhania ni Cosmas.

Cosmas alikuwa Mngoni wa Songea, Mkatoliki, aliyeletwa ujanani kukata mkonge kule tambarare, akauchoka, akapanda mlimani, akabaki. Kazi yake ilikuwa tanuru. Yeye ndiye aliyelilisha kuni lile tanuru kubwa linalopeleka hewa ya moto kwenye mashine za kukaushia majani, na kiwanda kizima kilijua kwamba chai nzuri inaanzia mikononi mwake. Umri wake ulikuwa wa baba yake Sefania. Ndiye aliyempokea Sefania siku ya kwanza, akamweka karibu na mlango wa tanuru na kumfundisha kusikiliza. "Likinguruma hivi limeshiba," alimwambia. "Likikohoa hivi, umelipa kuni mbichi. Usiangalie saa. Sikiliza."

Siku hizo Sefania alimwamkia kila asubuhi, tena kwa kuinama, kama alivyolelewa. Kwao Mlalo huwezi kumpita mtu mzima kwenye kijia cha mlimani hivihivi kama mbuzi. Utasimama. Utasema onga mahundo, utauliza za nyumbani, za watoto, za shamba, utajibiwa zote na kuulizwa zako, na hapo ndipo utakapofungua mdomo kusema kilichokuleta. Hata kama nyumba inaungua. Neno halitangulii salamu. Hilo Mshambaa wa Mlalo na Mngoni wa Songea hawakuwa na haja ya kufundishana.

Kisha ikaja filimbi. Wiki ya kwanza ya usimamizi Sefania alisema "Shikamoo mzee" mbele ya tanuru, na vijana wawili wa kubeba majani wakacheka. Pengine walicheka jambo lao. Sefania hakukubali kwamba walicheka jambo lao. Usiku huo alimwambia Klara, "Wananicheka. Bosi anamwamkia mchoma kuni." Kesho yake akasema "Habari za kazi, ndugu Cosmas," na akaendelea na njia.

Ndugu lilikuwa neno zuri la nyakati zile, na sina ugomvi nalo. Sote tuliitana ndugu, mkubwa kwa mdogo, na wengi tulilisema kwa moyo. Lakini Sefania alijificha ndani yake kama mtu anavyojificha mvua kwenye kibanda cha jirani. Cosmas aliitika, "Nzuri, ndugu msimamizi." Hakuongeza hata neno moja.

Mwezi wa nane mwaka uliotangulia, 1972, ilitangazwa kwamba wageni wakubwa kutoka wizarani watakuja kuona kiwanda. Uani palikuwa pametapakaa magogo mabichi yaliyomwagwa na lori. Sefania akakodi vibarua arubaini wa siku moja, akawaamuru wayapasue na kuyapanga bandani, safu kwa safu, mpaka darini, uwanja ubaki mweupe. Walipokuwa katikati ya kazi, Cosmas akatoka tanurini akijifuta jasho, akamjia. "Msimamizi, kuna neno kuhusu hizo kuni..."

Vibarua wote arubaini wakasimama kutazama. Sefania akaona macho themanini. Akaona kwamba akisikiliza, itasemwa mzee wa tanuru ndiye anayeendesha kiwanda.

"Ndugu Cosmas," akasema, na sauti akaipandisha ili ifike mpaka nyuma, "fanya kazi yako ulivyoelekezwa. Mimi hapa sina mzee wala kijana. Nina wafanyakazi."

Cosmas akakunja kitambaa chake cha jasho, akakiweka mfukoni, akarudi tanurini. Wageni walikuja, wakasifu usafi, wakanywa chai, wakaondoka.

Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Sefania hakuamkia kwa sababu alikuwa bosi, na Cosmas hakuanza kwa sababu alikuwa mkubwa. Mkubwa hamwamkii mtoto wake. Wakawa wanazungumza kupitia kwa Shabani, msaidizi wa tanuru, ilhali wamesimama hatua tatu tu. "Shabani, mwambie ndugu Cosmas aongeze moto." "Shabani, mwambie msimamizi moto ndio huo." Shabani, kijana mpole wa Kibondei, alikuwa akigeuza shingo huku na huku mpaka jioni inamuuma.

Mwezi wa kumi chai ikaanza kuharibika. Ilitoka mashineni ikiwa bado na unyevu, au ikinuka moshi kama samaki wa kukaushwa. Waonjaji wa mjini waliandika barua ya kwanza kwa adabu, ya pili bila adabu. Na miaka ile ilikuwa na neno lake kwa kila kitu kilichoharibika: hujuma. Sefania akalipokea neno hilo kwa mikono miwili. Akanunua daftari.

Nimeliona daftari hilo, na naweza kusema halikuwa na hata ushahidi wa kumfunga kuku. *Tarehe 4 Oktoba: C. amenitazama, akageuka. Tarehe 19: C. na Shabani wamenyamaza nilipoingia. Walikuwa wakisema nini? Tarehe 2 Novemba: C. amecheka. Hakukuwa na cha kuchekesha. Tarehe 30: Kuni zinatoa maji mwishoni zikiungua. C. anazimwagia?* Kurasa thelathini na moja za namna hiyo, kwa mwandiko mzuri wa shule ya misheni. Aliponusa moshi aliandika. Asiponusa moshi aliandika pia, kwamba leo wamejizuia.

Mwezi wa pili meneja, bwana mmoja mtaratibu wa Tanga aitwaye Hassani, akamwita ofisini. Sefania alikuja na daftari lake kifuani. Meneja akasoma ukurasa mmoja, akaruka hadi wa ishirini, akalifunga.

"Hapa naona watu wawili, ndugu Sefania. Mhujumu simwoni." Akafungua mtoto wa meza, akatoa barua. "Kuna semina Lushoto, ya viongozi wa kazi, kuhusu kutatua ugomvi kazini. Siku tano. Utakwenda. Ukirudi, patana na mwenzako. Masika yakiisha na chai bado inanuka, mmoja wenu anaondoka."

"Yupi, mheshimiwa?"

"Sijasema yupi."

Hayo maneno mawili Sefania aliyabeba nyumbani kama jiwe kwenye kiatu. Kazi ikiondoka, nyumba ya shamba inaondoka nayo. Klara na watoto wanne wangerudi Mlalo na magodoro juu ya gari, na baba yake, mzee wa kanisa, angesimama njiani kuuliza za safari. Na kwa nini semina? Kwa nini sasa? Alikwisha kusikia kwamba huko mjini wafanyakazi wamemfungia meneja nje ya lango. "Mtu hapelekwi semina bure," alimwambia mkewe. "Anaondolewa ili meza yake ifagiliwe."

"Wewe huna meza," Klara akasema. "Una filimbi. Nenda."

Akashuka na lori la chai mpaka Muheza, akapanda basi la kwenda Mombo, na jingine la kupanda kona za Lushoto, daftari limo ndani ya shati. Walikuwa washiriki ishirini na wawili: wa misitu, wa viwanda vya mbao, wa mahospitali na mashule. Sefania alichagua kiti cha nyuma, mgongo ukutani. Mkufunzi, kijana wa miwani kutoka Dar es Salaam, akaandika ubaoni kwa chaki, na Sefania akamwandika yeye daftarini. Waliambiwa wataje matatizo ya kazini kwao. Yeye akasema kwake hakuna tatizo ila mvua. Kikombe chake cha chai alikibadilisha na cha jirani. Siku ya pili mkufunzi akauliza darasa zima, "Huyo mnayegombana naye, mara ya mwisho mlizungumza lini bila mtu wa katikati?" Sefania akaandika: *Ameuliza akinitazama mimi. Kaambiwa.*

Siku ya tatu ikawa zamu ya maigizo. Kiongozi aigize mfanyakazi, mwenzake aigize bosi. Sefania akapangwa na mama mmoja mnene wa makamo, Yudith, matroni wa shule ya bweni ambayo Sefania hakuwahi hata kuisikia. Hawakuwa wamesemezana ila salamu. Akaambiwa asimame mbele, amwendee bosi wake na shauri lolote.

"Bosi," Sefania akasema kwa shingo upande, "nina neno kuhusu... kuhusu kazi."

Yudith akajinyoosha, akatazama juu ya kichwa cha Sefania kana kwamba kuna watu nyuma yake, akapaza sauti: "Fanya ulivyoelekezwa. Mimi hapa sina mzee wala kijana. Nina wafanyakazi!"

Darasa likacheka kwa kuona ameigiza vizuri. Sefania hakucheka. Uso ulimshuka. Yametoka wapi maneno yale? Neno kwa neno! Kwa hiyo ni kweli. Barua imetangulia, mama huyu katumwa, na hao wote ishirini wanajua. Hasira ikampanda mpaka masikioni.

"Nani kakwambia?" akasema.

"Nani kaniambia nini?"

"Hayo maneno! Nani wa kiwandani kwetu amekupa hayo maneno? Ni Cosmas? Ni meneja?"

Kicheko kikakatika. Yudith akamtazama, naye uso wake wa kuigiza ukaondoka taratibu.

"Baba," akasema, "hayo ni maneno yangu. Nilimwambia mpishi wangu mkuu, mama mtu mzima, mbele ya wasichana wa jikoni. Akanyamaza. Alikuwa amekuja kunieleza kwamba maharage ya stoo yameingia dawa ya panya. Mungu akasaidia kuna msichana aliyenusa." Akavuta kiti akakaa. "Kumbe na wewe uliyasema?"

Sefania akarudi kitini pake. Aibu ilimwingia, aibu ya kweli, isiyo na mtu wa kumsingizia. Wamekaa milimani wawili, hawajuani, na kila mmoja akadhani ametunga maneno yake mwenyewe. Usiku alifungua daftari, akakaa na kalamu mpaka koroboi ikafifia, na hakuandika kitu. Lilikuwa jambo moja lililomsumbua: *nina neno kuhusu hizo kuni.* Neno gani? Miezi mitano ameandika kila alichokifanya Cosmas, na hilo hajaliuliza.

Angeweza kuuliza siku aliyorudi, utasema. Wewe ungeweza; Sefania alijua asingeweza. Neno halitangulii salamu.

Akaenda kiwandani alfajiri, kabla zamu haijaingia. Cosmas alikuwa peke yake, anafagia majivu.

"Shikamoo mzee."

Fagio likasimama. Cosmas alimtazama toka kofia hadi viatu, kisha nyuma yake, kama kuna shahidi aliyefichwa mlangoni.

"Wamekufundisha Lushoto?"

"Mzee, mimi—"

"Kama ni ya semina, kairudishe semina." Fagio likaendelea.

Sefania alirudi nyumbani amevimba. "Umeona? Nimemwamkia, kakataa! Anangojea masika yaishe mimi nifukuzwe."

"Umemnyima miezi saba," Klara akasema huku akimenya viazi, "leo umempa moja unataka akupigie makofi?"

Basi akaendelea. Kila alfajiri, shikamoo mzee. Kila alfajiri, fagio. Mwezi wa nne ukapita, ukungu ukaganda juu ya mashamba, chai ikaendelea kunuka moshi. Mwezi wa tano ukaingia. Mashaka yake yalimrudia yote, tena na wenzao: labda Cosmas na meneja wameshapanga, labda semina yenyewe ilikuwa njia ya kumfanya ajidhalilishe mwenyewe. Wiki moja zaidi na mvua itakatika. Asubuhi moja alitoka tanurini bila kujibiwa, akamkuta Shabani mlangoni, na uchungu ukamtoka: "Huyu mzee wako anataka nini kwangu? Nimeamkia mpaka nimechoka!"

Shabani alitazama chini. Alikuwa kijana asiyependa kusema, na miezi hiyo tisa ya kupeleka maneno ya wengine ilikuwa imemchosha na maneno.

"Bosi, utanisamehe. Ulimvua nguo mbele ya watu. Unamvisha gizani."

Sefania alisimama pale. Akakumbuka kwamba alikuwa akija kabla ya zamu. Alijiambia ni kwa ajili ya utulivu. Haikuwa kwa ajili ya utulivu.

Saa nane mchana, zamu zinapobadilishana, kiwanda hujaa: wanaotoka, wanaoingia, akina mama wa kuchambua chai, wabeba majani na vikapu vyao. Sefania akavua filimbi shingoni akaitia mfukoni. Akapita katikati yao mpaka tanurini. Alikuwa anaogopa. Wale vijana wawili wa zamani walikuwepo. Akainama, kama anavyoinama mtu wa Mlalo.

"Shikamoo mzee Cosmas."

Kelele zikapungua. Cosmas hakugeuka.

"Mwaka jana, mwezi wa nane, ulinijia hapo nje na neno. Nilikukata mbele za watu. Leo nimekuja mbele za watu kulisikia, kama bado unalo."

Tanuru lilikohoa, kile kikohozi cha kuni mbichi. Cosmas akalisikiliza mpaka likatulia. Akajifuta mikono, akageuka.

"Marahaba," akasema.

Na papo hapo, bila kuvuta pumzi, kama mtu aliyekaa nalo mdomoni miezi tisa: "Kuni kavu ziko nyuma."

Wakaenda bandani. Shabani na wabeba majani wakabomoa safu za mbele, zile za magogo mabichi ya kila lori, yaliyokuwa yakimwagwa palepale mbele na kuchukuliwa palepale mbele. Nyuma yake, mpaka ukutani, zilikuwepo safu nne za kuni za kiangazi cha mwaka juzi, zimepasuliwa vizuri, za kijivu, nyepesi, na utando wa buibui juu yake. Cosmas alikuwa amezikata kwa ajili ya mvua. Vibarua arubaini walizizibia kwa amri, na wageni wakausifu uwanja.

Sefania alichukua ukuni mmoja akaugonga kwa mwingine. Ulilia kama kengele ya kanisa.

"Mzee, kwa nini..." akaanza, kisha akaliacha swali. Alilijua jibu.

"Sasa utaandika," Cosmas akasema, macho yake makali. "Utaandika kwamba nilizificha."

"Nitaandika," Sefania akasema. Akalitoa daftari, akaandika amesimama, na akamsomea kabla wino haujakauka: *Agosti 1972. S. ameamuru kuni mbichi zipangwe mbele ya kavu. Cosmas alikuja kumwambia. S. alimkataza kusema. Chai imeharibika tangu Oktoba.* Kwa mara ya kwanza jina la mzee lilikuwa limeandikwa lote.

Akalipeleka kwa meneja. Hassani alisoma mistari hiyo mara mbili.

"Unakumbuka nilisema mmoja wenu ataondoka."

"Nakumbuka."

"Ungeandika kwamba hujui nani aliyezipanga. Nisingejua."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Barua ilikuja baada ya wiki mbili, chai ikiwa imeshapona. Nyumba alibakishiwa. Filimbi alipewa mwingine, na Sefania Shemdoe akapelekwa banda la kuni, chini ya mtu wa tanuru, mpaka hapo itakapoamuliwa vinginevyo. Iliuma. Nisikudanganye, iliuma sana, na Klara alilia jikoni mahali asipoonekana.

Asubuhi ya kwanza akafika na shoka begani, watu wakiwa wamejaa uani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Una neno?"

"Sina neno. Nimekuamkia tu."

Cosmas akamtazama kwa jicho la pembeni, kama mtu anayesubiri kilichobaki. Hakikuja. Akasukuma kwa mguu gogo la kukalia mpaka karibu na mlango wa tanuru, penye joto. Sefania akalikalia bila kuligeuza.